Kubadilisha waya wenye ngao wa senso za injini

Kuna ugonjwa mmoja ambao kila fundi wa stima ya magari Nairobi ameuona. Gari linazima lenyewe kwenye foleni ya Mombasa Road, sindano ya mizunguko inaanguka hadi sifuri kwa ghafla, na likishapoa linawaka vizuri tu. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu inaonyesha P0335. Mwenye gari anashuka Grogan kwenye maduka ya spea, ananunua senso ya krenki (shafti kuu ya injini), inafungwa, na baada ya siku chache ugonjwa unarudi. Ananunua ya pili, na bado hakuna mtu aliyegusa waya.

Kodi P0335 inasema kuna hitilafu kwenye mzunguko wa umeme wa senso ya krenki. Mzunguko huo ni senso yenyewe, soketi, nyaya na kompyuta ya gari. P0340 kwa senso ya kemu (shafti inayofungua valvu) ni vivyo hivyo, na P0325 kwa senso ya noki, ile inayosikiliza injini ikigonga, pia. Kabla mtu hajatoa pesa za spea, ana haki ya kupimiwa mzunguko mzima, na sehemu inayorukwa mara nyingi ni ule waya uliofunikwa kwa shaba iliyosukwa au karatasi ya alumini. Hiyo ndiyo ngao. Imewekwa na kiwanda kwa sababu, na ikikatwa au ikiungwa vibaya, senso mpya haisaidii kitu.

Senso zipi zinahitaji ngao

Senso nyingi za krenki, hasa kwenye magari ya miaka ya nyuma kidogo kutoka Japani, ni za sumaku. Zina nyaya mbili. Ndani kuna sumaku ndogo iliyozungushiwa koili ya waya mwembamba. Gurudumu lenye meno linapita mbele yake na kila jino linazalisha wimbi dogo la umeme. Kwenye injini nyingi za Toyota gurudumu hilo lina nafasi 36 na meno 2 yameachwa. Kwenye mifumo mingi ya Bosch nafasi ni 60 na meno 2 yameachwa. Pengo hilo ndilo linaloijulisha kompyuta krenki imefika wapi.

Senso ya aina hii haipewi umeme na mtu, inajizalishia yenyewe, na kiasi chake kinafuata mwendo wa injini. Mizunguko ikipanda, wimbi linafika makumi ya volti. Ukipiga starta, krenki inazunguka polepole na wimbi linaweza kuwa chini ya volti moja. Sasa fikiria: wakati ishara ni dhaifu kuliko wakati wote, ndipo starta inapovuta mkondo mkubwa kuliko kifaa kingine chochote ndani ya gari. Ndiyo maana ngao iliyoharibika huonekana kwanza gari linapokataa kuwaka asubuhi.

Senso ya noki nayo ni fuwele inayotoa umeme ikitikiswa. Inasikiliza injini ikigonga, kwa kawaida mitetemo ya kilohezi 6 au 7 hivi kutegemea upana wa silinda. Umeme wake ni mdogo na ukinzani wake ni mkubwa mno, kwa hiyo waya wake unadaka kelele yoyote ya umeme inayopita jirani. Hapa hasara inakuja kimyakimya. Kompyuta ikipokea kelele ikadhani injini inagonga, inachelewesha cheche. Gari linapanda mlima wa Limuru Road likiwa zito, linakula mafuta, na taa ya injini huenda isiwake kabisa. Wenye magari wengi huishia kubadilishiwa pampu ya mafuta na plagi kwa kosa la waya wa futi mbili.

Senso za Hall, zile za nyaya tatu, zinapewa umeme na kurudisha ishara ya mraba, kwa hiyo zinavumilia zaidi. Senso za joto la maji na za pedali hazihitaji ngao. Msimamo wangu ni huu: kama kiwanda kiliweka ngao, irudishe; kama hakikuweka, usiiongeze bila sababu.

Ngao inashikwa upande mmoja

Hili ndilo kosa linaloumiza magari mengi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Kelele ndani ya boneti ni za aina mbili. Ya kwanza inatoka kwenye volti kubwa, kama koili na nyaya za plagi, na inaruka hewani hadi kwenye waya wa jirani. Shaba iliyosukwa inaidaka na kuipeleka athi, yaani upande hasi wa umeme wa gari, kabla haijafika kwenye ishara. Ya pili inatoka kwenye mikondo mikubwa, kama ya starta na alternata, ambayo inazungukwa na uga wa sumaku. Kwa kelele hii ya pili ngao haifui dafu. Kinachosaidia ni nyaya mbili za senso kusokotwa pamoja, kwa sababu kelele inaingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili na kompyuta inasoma tofauti yake tu. Basi waya mzuri una vyote viwili: msokoto ndani, ngao nje.

Sasa kuhusu athi. Fundi anayejali anaweza kufikiri kwamba ngao ikifungwa athi pande zote mbili itakuwa imara zaidi. Tupige hesabu. Starta ya injini ndogo ya petroli inavuta ampea 150 hivi. Kama mkanda wa athi kati ya injini na bodi una ukinzani wa milioomu 2 tu, bloku ya injini itatofautiana na bodi kwa volti 0.3 kila unapopiga starta. Ngao iliyofungwa kwenye bloku upande mmoja na kwenye athi ya kompyuta upande wa pili inakuwa daraja kati ya sehemu hizo mbili, na mkondo unapita ndani yake, ukiwa umeukumbatia waya wenye ishara isiyofika volti moja. Umejenga kelele kwa mkono wako.

Kwa hiyo ngao inaunganishwa upande wa kompyuta tu, kwenye pini ya athi ya senso au kwenye sehemu ya athi iliyoonyeshwa na mchoro wa gari hilo. Upande wa senso inakatwa, inafunikwa, na haigusi chuma chochote.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kukata

Zima swichi. Chomoa soketi ya senso, weka mita kwenye omu, pima senso yenyewe. Ya sumaku itasoma mamia kadhaa hadi elfu mbili na ushee, na kila injini ina kiwango chake kwenye kitabu. Senso ikiwa na joto namba inapanda. Senso ya noki bapa ya Toyota yenye nyaya mbili inatakiwa kusoma kiloomu 120 hadi 280 ikiwa kwenye joto la nyuzi 20. Ukipata sifuri au mita isiposoma kabisa, senso imekwisha na kazi yako imekuwa fupi.

Senso ikiwa nzima, toa teminali hasi ya betri kisha chomoa soketi ya kompyuta. Pima kila waya kutoka mwisho hadi mwisho: chini ya omu 1. Pima waya mmoja dhidi ya mwenzake, halafu kila mmoja dhidi ya ngao: mita isisome kitu, au isome megaomu nyingi. Pima ngao kutoka upande wa senso, kama unaifikia, hadi pini yake kwenye soketi ya kompyuta: chini ya omu 1. Halafu pima ngao dhidi ya bloku ya injini. Ikilia hapo ilhali kompyuta imechomolewa, angalia mchoro, kwa sababu baadhi ya magari huishiliza ngao kwenye bodi karibu na kompyuta. Kama mchoro hauonyeshi hivyo, mahali fulani shaba imechubuka na inagusa chuma.

Unapopima, tikisa kebo. Ishike karibu na soketi, ikunje kushoto na kulia, uangalie mita. Waya uliokatikia ndani ya ganda husoma vizuri ukiwa umetulia, kisha hupotea ukiguswa. Usitoboe ganda kwa ncha ya mita wala usitumie taa ya kupimia kwenye pini za kompyuta. Tundu moja dogo linatosha kuingiza maji msimu wa mvua, na taa inavuta mkondo ambao saketi ya ndani haikuundiwa.

Kipimo cha mwisho ni cha volti. Rudisha soketi ya kompyuta na betri, chomoa soketi za injekta na za koili ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za AC, iunganishe kwenye nyaya mbili za senso ya sumaku, mwenzako apige starta. Nusu volti au zaidi ni dalili nzuri. Ikiwa chini sana, fungua senso uitazame ncha yake: sumaku hukusanya unga wa chuma, na unga huo pekee unaweza kudhoofisha wimbi. Nafasi kati ya ncha na meno kwa kawaida ni milimita 0.5 hadi 1.5.

Hatua ya pili: fungua uone

Kata tepu kwa uangalifu kuanzia upande wa senso. Sehemu iliyo karibu na egzosi utaikuta ngumu, inavunjika vipande. Chini yake ganda la kebo limekauka na kupasuka kwa mstari. Ukilikunjua, shaba iliyotakiwa kung'aa imekuwa nyeusi, na kwenye mkato imeota unga wa kijani.

Ukiona kijani, fuata shaba hadi itakapong'aa tena. Gari linalooshwa injini kwa maji ya presha huingiza maji kwenye mwisho wa ngao uliokatwa bila kufunikwa, na nyuzi za shaba zilizosukwa zinayanyonya maji hayo na kuyapeleka mbali kuliko unavyodhani. Kukata sentimita 5 zilizooza na kuunga pale pale ni kujidanganya. Mara nyingi ni afadhali kubadilisha kebo yote kutoka senso hadi karibu na kompyuta.

Angalia pia alama za meno. Panya wanapenda joto la injini usiku, na wakishaanza kula waya mmoja hawaishii hapo.

Hatua ya tatu: kununua waya

Chaguo ninalolipenda ni kipande kutoka kwenye mkanda wa nyaya wa injini iliyotolewa Japani, aina ile ile au ya jamaa yake. Grogan na yadi za spea zina mikanda mizima ya nyaya. Omba kipande cha senso ya krenki au ya noki pamoja na soketi yake na urefu wa ziada. Usikubali kipande kilichokatwa karibu na soketi. Unataka angalau nusu mita ili uunge mahali pakavu na penye nafasi. Kabla ya kulipa, kikunje kidole kwa kidole: ganda likipasuka, rudisha. Kata sentimita 2 mwishoni uone shaba. Ingiza pini ya senso kwenye soketi uhisi kama inashika. Soketi iliyolegea itakuletea ugonjwa ule ule.

Chaguo la pili ni kebo mpya ya magari yenye nyaya mbili zilizosokotwa, ngao na waya wa kuondolea, yaani waya mtupu unaogusana na ngao ndani ya kebo. Kwa ishara hizi unene wa milimita mraba 0.5 unatosha, mkondo ni kidogo sana, na unene unahitajika ili waya usikatike kwa mtikisiko. Uliza kiwango cha joto. PVC ya magari inaishia nyuzi 105 hivi, ganda la polithini iliyoimarishwa linafika 125, na la Tefloni linapita 200. Karibu na egzosi usiende chini ya 125.

Kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue utapata kebo ya maikrofoni kwa bei nzuri: nyaya mbili, ngao safi ya shaba, laini mkononi. Kwenye maikrofoni ni kebo nzuri kabisa. Lakini ganda lake ni PVC ya kawaida ambayo haikuundiwa joto la injini, na ndani ya miezi michache chini ya boneti litalainika, nyaya zigusane na ngao. Kebo ya antena ya televisheni ni mbaya zaidi: waya wake wa kati ni mmoja mgumu unaovunjika kwa mtikisiko, na ngao yake inatumika kurudishia ishara yenyewe. Usimfungie mteja hizo.

Hatua ya nne: kuandaa kebo

Kabla hujakata waya wa zamani, andika au piga picha ni rangi gani inaingia pini gani. Wimbi la senso ya sumaku lina upande wa juu na wa chini, na kompyuta inalisoma linapokata sifuri kuelekea upande mmoja. Ukigeuza nyaya hizo mbili, kompyuta inasoma jino mahali tofauti na pengo halionekani inavyotarajia. Gari linakataa kuwaka, au linawaka huku taiming imesogea. Nimeona injini nzuri ikifunguliwa kutafuta mkanda wa taiming ulioruka, kumbe ni nyaya mbili zilizobadilishana nafasi.

Upande wa senso, menya ganda la nje sentimita 3 hadi 4, si zaidi. Tumia ncha ya bisibisi ndogo kuichambua shaba iliyosukwa kutoka mwisho ukirudi nyuma, nyuzi chache kwa wakati, hadi nyaya mbili zibaki wazi. Kata shaba hiyo sawasawa na ukingo wa ganda, kata na waya wa kuondolea. Vuta mpira unaobana kwa joto, wenye gundi ndani, ufunike ukingo huo: nusu juu ya ganda, nusu juu ya nyaya. Uupashe moto mpaka gundi itokeze pembeni. Gundi hiyo ndiyo inayozuia maji. Tepu nyeusi peke yake haizuii.

Acha nyaya mbili ziwe zimesokotwa hadi sentimita 2 au 3 kutoka kwenye soketi. Ukizisokota mwenyewe, mzunguko mmoja kwa kila sentimita 2 hadi 3 unatosha.

Hatua ya tano: kuunga

Upande wa kompyuta, unga ndani ya chumba cha abiria au mahali pakavu kama mkanda wa nyaya unaruhusu. Hizo nyaya mbili usiziunge sehemu moja; ziachanishe kwa sentimita 2 au 3 ili maungio yasikae ubavu kwa ubavu. Ngao ya kebo mpya iunganishwe na ngao au waya wa kuondolea wa upande wa kompyuta, na maungio yafunikwe kwa karatasi ya shaba au kipande cha shaba iliyosukwa kinachogusa ngao pande zote mbili, ili pasiwe na sehemu iliyo uchi.

Kuhusu kulehemu kwa risasi, mafundi hubishana. Mimi nabana kwa koleo maalumu lenye taya za kiwango cha waya huo. Risasi hupenya ndani ya nyuzi na kuzifanya ziwe ngumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo waya hukatikia injini inapotikisika. Kama huna koleo zuri, lehemu, lakini funika kwa mpira wenye gundi unaopita ungio kwa sentimita 2 kila upande na ufunge kebo mahali hapo isichezecheze. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungusha tepu usifanye kwenye senso yoyote.

Hatua ya sita: njia ya kebo

Ipitishe mbali na egzosi, na angalau sentimita 10 kutoka kwenye koili, nyaya za plagi na waya mnene wa alternata. Ikilazimika kukutana nazo, ikatize kwa pembe mraba. Kinachodhuru ni kusafiri sambamba kwa muda mrefu. Ifunge kwenye vishikizo vya kiwanda. Kati ya injini na bodi acha ulegevu kidogo, kwa sababu injini inajisogeza juu ya mipira yake kila unapokanyaga mafuta, na kebo iliyonyooshwa itang'oa pini.

Ukiwa hapo hapo, fungua mkanda wa athi kati ya injini na bodi, usugue kutu hadi chuma king'ae, uufunge tena. Ni kazi ya dakika chache, na kelele nyingi zinazolaumiwa kwa ngao zimeanzia hapo.

Senso ya noki ikiwa ilifunguliwa, safisha sehemu inapokaa kwenye bloku, usiweke washa, na ikaze kwa kipimo. Nyingi za aina bapa zinataka newton-mita (Nm) 20 hivi. Ikilegea haisikii; ikikazwa kupita kiasi inasikia vibaya.

Hatua ya saba: kuthibitisha

Rudia vipimo vyote vya omu kabla ya kuchomeka kompyuta. Kisha rudisha kila kitu, futa kodi, uunganishe mashine ya kusoma na ufungue ukurasa wa data. Piga starta huku ukiangalia mizunguko: inatakiwa ionekane mara moja na kutulia kati ya 150 na 250 hivi, bila kuruka hadi namba za ajabu wala kudondoka sifuri.

Injini ikiwaka, washa vitu vyote vinavyovuta umeme: taa kubwa, kiyoyozi, feni, kioo cha nyuma. Alternata ikifanya kazi nzito ndipo kelele inapotokea. Pandisha mizunguko polepole hadi 4,000, mwenzako akitikisa kebo kwa kijiti kikavu mbali na feni. Kwa senso ya noki, angalia data ya kuchelewesha cheche ukiwa kwenye mwendo wa kawaida: ikibaki juu hata injini ikiwa haina mzigo, waya bado unadaka kitu, na cha kwanza kukagua ni kama ngao imegusa bloku mahali fulani.

Mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini, aitumie hapa. Wimbi la senso ya sumaku linatakiwa liwe laini, meno yafuatane kwa urefu unaolingana, na pengo lionekane wazi. Miiba myembamba inayokuja kwa mpangilio wa cheche inatoka kwenye koili, kwa hiyo ngao haijashika athi au kebo imepita karibu mno. Wimbi zima likipanda na kushuka unapopiga starta, tafuta ngao iliyoshikwa pande mbili.

Mwisho liendeshe hadi lipate joto kamili, ulisimamishe dakika 15 boneti ikiwa imefungwa, uliwashe tena. Joto la ndani ya boneti hupanda baada ya kuzima, na waya wenye ufa hujionyesha wakati huo. Likiwaka mara tatu mfululizo hivyo, mpe mwenye gari ufunguo, na umwambie wanaoosha injini wasielekeze presha kwenye soketi.